Kinga haijashuka, imezidi: majibu yangu kwa wasomaji wa Tanga kuhusu soriasisi

Safari hii safu yote naitoa kwa ugonjwa mmoja wa ngozi. Jumbe za soriasisi zimekuja nyingi na karibu zote zimetoka Tanga, na ukizisoma kwa mfululizo unaona watu wanateseka na vitu viwili, ugonjwa wenyewe na maneno ya watu. Nimechagua tano. Ya kwanza nitaijibu kwa kirefu manake ndo mzizi wa zote.

Asalaam aleikum dokta, shikamoo. Mi niko Ngamiani. Mume wangu anafanya kazi shamba la mkonge, ana miaka 38. Tangu mwaka juzi ana mabaka viwikoni na magotini, juu yake kuna magamba meupe kama nta ya mshumaa. Kwanza tukaambiwa fangasi tukapaka dawa miezi mitatu, alafu wakasema pumu ya ngozi, sasa ndo tumeambiwa soriasisi. Kinachoniuma ni kwamba barazani wenzie wamemtengea kikombe chake cha kahawa. Jirani naye kaniambia kinga ya mume wangu imeshuka, nimnunulie virutubisho vya kuongeza kinga, boksi moja laki na themanini. Ukimwi kapima mara mbili hana. Kweli kinga imeshuka? Na watoto je?

Wa aleikum salaam, marahaba mwanangu. Kabla ya yote, hiyo laki na themanini iache mfukoni. Mumeo kinga yake haijashuka, imezidi, yaani inafanya kazi pasipo kazi, sasa mtu anayekuuzia dawa ya kuongeza kinga kwenye ugonjwa wa kinga iliyozidi hajui anachokitibu.

Ngoja nikueleze taratibu. Ngozi sio ganda tu la kufunika nyama, ndani yake kuna walinzi wanaokaa humo siku zote. Kuna seli zenye matawi matawi, wataalamu wanaziita seli za dendriti, kazi yake ni kuchungulia kila kinachopita na zikiona adui zinapiga yowe. Yowe lenyewe ni kemikali, zile tunazoziita saitokini. Fikiria sungusungu wa mtaani, mmoja kapiga filimbi, wenzake wakiisikia wanatoka na marungu. Kwa mtu mwenye soriasisi filimbi inapigwa na mwizi hayupo. Seli za dendriti zinatoa kemikali inayoitwa intalukini 23, hiyo inaziamsha seli nyeupe za damu aina ya T, hasa kundi linaloitwa Th17, na hizo zikishaamka zinamwaga intalukini 17 na intalukini 22. Kuna na nyingine inaitwa TNF, hiyo inatoka kwa seli za aina nyingi na inazidisha moto.

Kemikali hizo zikifika kwenye seli za ngozi ya juu zinaziambia zizaane haraka na zenyewe pia zipige filimbi. Hapo ndo pabaya, manake ngozi iliyokuwa inalindwa sasa na yenyewe inaita walinzi wengine, zinakuja seli zinazoitwa nyutrofili zinajipanga mpaka juu kabisa ya ngozi, hao nao wanazidisha ujumbe, mzunguko unajizungusha wenyewe na hakuna wa kusema jamani basi turudini nyumbani.

Seli ya ngozi kwa kawaida inazaliwa chini, inapanda polepole, inakomaa, na inachukua kama mwezi mmoja mpaka idondoke juu bila hata wewe kujua. Kwenye baka la soriasisi safari hiyo inakwenda kwa siku 3 mpaka 5. Ni kama kujenga kwa tofali mbichi, hazijakauka unapandisha kozi nyingine juu yake. Zinafika juu hazijakomaa, zinashikana, zinarundikana, ndo hilo gamba jeupe unaloliona likidondoka kwenye mkeka. Gamba ukilibandua kwa kucha unaona vidoti vidogo vya damu, si ndio? Ni kwamba mishipa midogo ya damu imetanuka na kupanda karibu kabisa na juu, ili kuwapitisha hao walinzi wote. Asibandue. Na vitabu vingi vinasema baka huwa jekundu, sisi wenye ngozi nyeusi mara nyingi linaonekana zambarau au kahawia au kijivu, na nadhani hii nayo inachangia kuitwa fangasi miezi yote hiyo, mtu anatafuta wekundu hauoni.

Kwamba tatizo liko kwenye kinga na sio kwenye ngozi kuwa chafu, hilo halikujulikana siku nyingi. Mwaka 1979 madaktari walikuwa wanajaribu dawa ya saiklosporini, dawa inayozuia mwili usikatae kiungo kilichopandikizwa, inazituliza seli T. Waliwapa wagonjwa wa maumivu ya viungo, yaani magoti, vidole na kadhalika, baadhi yao walikuwa na soriasisi, na magamba yakasafika. Baadae ikaonekana tena kwa waliobadilishiwa uboho wa mifupa kwa sababu ya ugonjwa mwingine. Wapo waliokuwa na soriasisi wakapewa uboho wa mtu asiyenayo wakapona ngozi, na wapo ambao hawakuwa nayo wakapewa uboho wa mwenye nayo ikawatokea. Uboho ndo kiwanda cha seli za kinga. Ngozi ni ileile, walinzi wamebadilika.

Sasa kikombe. Kwenye mabaka ya mumeo hakuna mdudu wa kumrukia mwingine, hakuna bakteria, hakuna fangasi, hakuna kirusi. Kunywa nae kikombe kimoja, kulala nae, kusimama bega kwa bega msikitini, kufua nguo zake pamoja na zenu, hakuna chochote kitakachohama. Mei 2014 mkutano mkuu wa Shirika la Afya Duniani kule Geneva ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu na wakautaja wazi kuwa ni wa muda mrefu, una maumivu na HAUAMBUKIZI. Wazee wa barazani naamini hawana ubaya, wanaogopa ukoma. Hofu hiyo ni ya zamani, hata Ulaya magonjwa haya mawili yalichanganywa karne na karne mpaka daktari mmoja wa Vienna, Ferdinand von Hebra, alipoyatenganisha 1841. Tofauti unaweza kuiona hapohapo nyumbani: baka la ukoma mara nyingi limekufa ganzi, ukiligusa na pamba mtu hasikii, la soriasisi linasikia vizuri na mara nyingi linawasha. Na hata huo ukoma siku hizi una dawa, ya bure, na mtu akishaanza dawa haambukizi tena, kwahiyo hata mwenye ukoma hastahili kutengewa kikombe. Mwombe mumeo asome jibu hili barazani kwa sauti, au amwombe imamu, watu wa Tanga wanasikiliza.

Kuhusu mkonge nina la kusema. Mwangalie mikono ya mbele. Miaka niliyokaa kliniki nimewaona wafanyakazi wa mkonge ambao mabaka yao yamekaa mistari mistari, mstari mwembamba ulionyooka kama umepigwa na rula, ukiuliza unaambiwa hapo mwiba wa jani ulinichana. Hilo lina jina, linaitwa Koebner, kwa jina la daktari Mjerumani wa karne ya 19 aliyelieleza. Ngozi ikichanika seli zinapasuka, vipande vya DNA vinamwagika, vinashikana na protini ndogo ya kinga ya ngozi yenyewe inayoitwa LL37, na mchanganyiko huo walinzi wanauona kama kirusi kimeingia. Filimbi inaanza hapo. Kwahiyo mikono mirefu ya shati na glavu kwake ni dawa, sio mapambo, hata kama jua la kaskazi linachoma. Na ule utomvu wa mkonge unaowasha, akitoka kazini aoge mapema kwa maji ya kawaida, asijisugue na dodoki, alafu apake mafuta mazito ngozi ikiwa bado mbichi mbichi. Mafuta ya mgando yanatosha.

Watoto. Ugonjwa una urithi ndani yake, kuna jeni kadhaa, kubwa kuliko zote iko kwenye kromosomu ya 6 inaitwa HLA-C na toleo lake la 06:02, lakini wengi wenye toleo hilo hawaugui kabisa. Wanao wana uwezekano mkubwa zaidi kuliko watoto wa jirani, na bado wengi wa watoto wa namna yao hawapati.

Na mmefanya vizuri kupima ukimwi. Sio kwamba soriasisi ni dalili yake, hapana, ila mtu mwenye virusi soriasisi inaweza kumlipukia vibaya sana, mizani ya seli T inavurugika, na akianza ARV mara nyingi na ngozi inatulia.

Dokta habari za kazi. Mi nafundisha madrasa Makorora. Napaka krimu ya betamethasoni wiki mbili nakuwa safi kabisa, nikiacha mwezi haujaisha imerudi palepale kama imechorewa ramani. Kwanini palepale?

Salama maalim. Swali lako zuri na watafiti nao walilifukuzia muda mrefu. Baka likipotea kwa macho, chini yake seli T nyingi zinaondoka lakini baadhi zinabaki, zinapanga kabisa humo ndani ya ngozi, zinaitwa seli T za kumbukumbu. Zimekaa kimya, hazijaenda popote. Ukiacha dawa, au ukapata mawazo mazito, au koo likauma, au ukajikuna, hizo zinaanza tena kutoa intalukini 17 zile zile kwenye kipande kile kile. Ndo ramani yenyewe unayoiona.

Steroidi kama hiyo krimu yako inazima kelele, inafanya hivyo haraka kweli, lakini haiwatoi hao wapangaji. Ndo maana hatukwambii paka ukipona acha ghafla. Tunapunguza, kutoka kila siku kwenda siku mbili kwa wiki kwenye yale maeneo yako ya ramani, na katikati tunaweka dawa nyingine kama kalsipotrioli ambayo inatokana na vitamini D, au lami ya makaa ya mawe, au salisiliki asidi ya kulainisha magamba kwanza ili dawa ipenye. Magamba mazito ni kama bati, ukipaka juu yake dawa inabaki juu.

Alafu maalim nakuomba sana, krimu ya steroidi kali usipake usoni, kwapani wala kwenye mapaja kwa ndani, ngozi ya huko ni nyembamba inachanika na kubaki na michirizi. Na zile kopo zisizo na lebo zinazouzwa sokoni, unaambiwa dawa ya asili ya ngozi siku tatu tu umepona, nyingi zinazofanya kazi kwa kasi hiyo zimechanganywa steroidi kali humo ndani. Mbaya zaidi ni vidonge au sindano za steroidi kwa soriasisi. Nimempokea mtu aliyechomwa sindano za aina hiyo duka la dawa mara kwa mara, akang'aa, akaacha, ndani ya wiki chache mwili mzima umewaka toka kichwani hadi nyayo, ngozi inachuruzika, anatetemeka baridi na nje kuna joto la Tanga. Mtu wa hivyo ni wa kulazwa, anapoteza maji na joto kupitia ngozi kama aliyeungua moto. Alipona, lakini nimemkumbuka wakati nakuandikia.

Salaam. Niko Kiomoni karibu na mapango ya Amboni. Huku kuna maji ya moto ya salfa, watu wanatoka mbali kuja kuoga kwa ajili ya ngozi. Yatanisaidia?

Maji hayo nayajua na harufu yake. Salfa inalainisha magamba kidogo na ina sifa ya kuua baadhi ya wadudu wa ngozi kama upele, ndo maana mwenye upele akioga huko anaweza kuona nafuu kweli na sifa zikaenea. Ila walinzi wako wanaopiga filimbi wako chini zaidi, salfa haiwafikii. Oga ukipenda, usikae muda mrefu, usijisugue na jiwe, manake kujisugua ndo kule kule kwa kina Koebner, na ukitoka paka mafuta ya nazi au ya mgando hapohapo.

Kitu chenye nguvu zaidi unacho bure nje ya nyumba, jua. Mionzi yake ya UVB inaingia kwenye ngozi na inaziua sehemu ya zile seli T. Hospitali zenye mashine zinatumia mionzi ya kipimo maalumu, nanomita 311, mara mbili au tatu kwa wiki. Jua la asubuhi au la jioni, dakika chache, mabaka yakiwa wazi, usijichome. Ila kama una ualbino, au unatumia dawa inayokataza jua, hili halikuhusu kabisa.

Shikamoo dokta, mwanangu wa miaka 11 alikuwa na mafindofindo makali, homa, koo limejaa usaha. Wiki tatu baadae mwili mzima umetoka vidoti vidogo vya magamba kama matone ya mvua. Tuko Chumbageni.

Marahaba mama. Umeeleza vizuri kuliko barua nyingi za rufaa nilizowahi kusoma, hata jina la kitaalamu la aina hii linatokana na neno la Kilatini la tone. Kilichotokea ni kwamba koo lilivamiwa na bakteria wa streptokoka, seli T zikaamka kihalali kabisa kupigana nae, lakini protini ya huyo bakteria inafanana na protini fulani ya ngozi yetu, sasa baadhi ya seli T zilizofundishwa kooni zikasafiri zikafika kwenye ngozi zikaona sura ileile. Mpeleke akaangaliwe koo, kama bakteria bado yupo apewe antibayotiki amalize dozi yote. Vidoti vyenyewe mara nyingi vinaisha ndani ya wiki kadhaa mpaka miezi michache. Baadhi ya watoto baadae wanapata ile ya mabaka, kwahiyo kila akiumwa koo usisubiri. Shuleni aende, haambukizi, mwalimu akikataa mwonyeshe gazeti.

Dokta mi ni fundi cherehani Mwanzange, nina miaka 29. Magamba nnayo kichwani siku nyingi nilijua ni mba. Sasa kucha zina vishimo na asubuhi vidole vinakakamaa siwezi kushika sindano mpaka saa nzima ipite, kidole kimoja kimevimba chote. Nimesikia kuna sindano za kisasa zinaponya. Ni kweli?

Dada yangu, wewe ndo nataka uende hospitali wiki hii hii. Angalia kastabini yako, vile vishimo vilivyojaa juu yake, kucha zenye soriasisi zinafanana hivyo hivyo. Ukijumlisha kucha, kidole kilichovimba toka shina mpaka ncha, na ukakamavu wa asubuhi unaopungua ukianza kufanya kazi, hapo nawaza soriasisi imeingia kwenye viungo. Inawapata mpaka watu 3 kwa kila 10 wenye soriasisi. Kemikali ni zilezile, TNF na intalukini 17 na 23, safari hii zinawaka pale kano, ile kamba inayofunga msuli, inaposhikana na mfupa, na zisipozimwa mapema mfupa unaliwa na hauoti tena. Fundi bila vidole ni nini, ndo maana nakuharakisha. Moto huu ukikaa mwilini miaka unagusa na mishipa ya moyo pia, kwahiyo presha, sukari na uzito navyo vipimwe.

Sindano za kisasa zipo na sio uongo. Watu walipojua filimbi inaitwaje wakatengeneza kinga bandia ya kuidaka. Etanasepti inadaka TNF, Marekani iliruhusiwa kwa soriasisi mwaka 2004. Sekukinumabu inadaka intalukini 17, hiyo 2015, na guselkumabu inadaka intalukini 23, hiyo 2017. Ngozi za watu wengi zinasafika karibu zote. Hazifuti ugonjwa, ukiacha mara nyingi unarudi, na bei yake kwa wengi wetu haishikiki, hilo linanisikitisha kila nikimwandikia mgonjwa kitu kingine nikijua hicho kipo. Tena ujue TNF ndo inayosaidia mwili kumfungia mdudu wa kifua kikuu asitoke alikojificha, ukiizima anaweza kuamka, kwahiyo hapa kwetu hakuna kuanza sindano hiyo bila kupimwa TB kwanza. Na intalukini 17 kazi yake halali ni kutulinda na fangasi, wanaoizuia wengine wanapata utando mweupe mdomoni.

Dawa ambayo inapatikana, ya bei nafuu na inayofaa ngozi na viungo kwa pamoja ni methotrekseti. Nenda hospitali ya mkoa ya Bombo, omba daktari wa ngozi au rufaa, hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi tangu 1992 na wataalamu wake wametawanyika mikoani. Watakupima damu, ini na figo kabla ya kuanza na kila baada ya muda, na watakupa foliki asidi. Waambie kama unanyonyesha au una mpango wa kubeba mimba, dawa hii inaharibu mimba kabisa, lazima uwe na uzazi wa mpango unaoaminika. Pombe hapana. Ukiugua kitu kingine ukaandikiwa kotrimoksazoli, ile wengi wanaita septrini, mwambie anayekuandikia kuwa unatumia methotrekseti, hizo mbili zikikutana zinaweza kuuzima uboho.

La mwisho nalirudia kwa kila mgonjwa mpaka ananichoka: methotrekseti inamezwa SIKU MOJA TU KWA WIKI. Wapo waliokufa kwa kuimeza kila siku kwa bahati mbaya. Chagua siku, mathalani Jumapili, chukua chaki ya kukatia nguo uiandike kwenye meza ya cherehani mahali unapopaona, na mwenzako wa hapo kazini naye ajue.